Kabla hujaenda kuvua kwa nzi wa bandia kwenye maji usiyoyajua

Mtu akipanga safari ya kuvua kwa nzi wa bandia, yaani ndoana iliyofungwa manyoya na nyuzi ifanane na mdudu, maandalizi yake mengi huishia kwenye kisanduku cha nzi. Anapanga rangi, anapanga saizi za ndoana, anafunga wengine usiku kucha. Si vibaya, lakini hilo ni jambo la mwisho. Nzi utawapata ukishafika, tena afadhali uwanunue huko huko, maana wenyeji ndio wanaojua ni wadudu gani wanaibuka majini wiki hiyo. Usichoweza kukinunua ukishafika ni kuyajua maji yenyewe: ni ya nani, yana masharti gani, yana joto kiasi gani, na yanapanda saa ngapi. Hayo yatafute ukiwa bado kwako.

Anza na leseni, na usidhani moja inatosha. England, mtu wa miaka 13 na kuendelea anatakiwa kuwa na leseni ya fimbo inayotolewa na serikali, halafu bado anahitaji ruhusa ya mwenye haki ya uvuvi kwenye kipande kile cha mto. Hifadhi ya Yellowstone imeingia majimbo matatu ya Marekani, lakini leseni za majimbo hayo hazitambuliki ndani yake. Unakata kibali cha hifadhi yenyewe. Kisha soma kanuni za mto husika, si za nchi tu. Kipande kilicho juu ya daraja kinaweza kuwa na masharti tofauti kabisa na kilicho chini yake: nzi pekee, ndoana zisizo na kijino (kile kincha cha nyuma kinachozuia ndoana kuchomoka), vizito vya madini ya risasi marufuku, msimu umefungwa. Chapisha karatasi hizo au zihifadhi kwenye simu. Mitandao hukatika huko mitoni.

Jambo la pili, nani anamiliki ardhi unayoikanyaga. Hapa wageni wengi hupata aibu. Jimbo la Montana, kwa sheria ya 1985, linakuruhusu kutembea ndani ya mto hadi alama ya kawaida ya maji yanapojaa, mradi umeingilia mahali halali. Vuka mpaka uingie Wyoming, mambo yanageuka. Mto ukipita kwenye shamba la mtu, sakafu yake ni mali ya mwenye shamba. Mashua inaweza kuelea na kupita, lakini ukishusha mguu au nanga, umeingia kwa mtu bila hodi. Mito inafanana, samaki ni wale wale, sheria mbali mbali. Usiangalie ukosefu wa uzio ukadhani umeruhusiwa.

Hata kumwachia samaki arudi majini, ambako wavuvi wengi wa nzi tunakuona ni uungwana, si jambo la kuchukulia poa. Uswisi, sheria ya kulinda wanyama hairuhusu kwenda kuvua kwa nia ya kuwaachia tu. Ujerumani nako kuna mtazamo kama huo: ukimtesa samaki kwa burudani bila nia ya kumla, unaweza kujikuta unajibu maswali ya kisheria. Uliza mapema.

Osha vifaa vyako. Naliweka hili mbele ya mambo ya fimbo na mishipi kwa sababu madhara yake hayakuhusu wewe peke yako. Mwani wa didymo, ambao hufunika mawe ya mtoni kwa utando mzito wa kahawia, uligunduliwa New Zealand mwaka 2004 na ukasambaa kwenye mito mingi ya Kisiwa cha Kusini. Tone moja la maji linatosha kuuhamisha. Ndiyo maana mwaka 2008 nchi hiyo ilipiga marufuku viatu vyenye soli za felti, kitambaa kizito cha nyuzi zilizoshindiliwa: vinashika vizuri kwenye mawe yanayoteleza, lakini vinanyonya maji na havikauki upesi. Yellowstone nako havitakiwi. Norway, kimelea kiitwacho Gyrodactylus salaris kimeangamiza samoni wachanga kwenye mito mingi tangu miaka ya 1970, hivyo kutakasa vifaa ni sharti. Iceland wanataka vifaa vilivyotumika nje ya nchi vitakaswe kabla ya kuingia. Kwa hiyo sugua soli, geuza suruali za majini ndani nje, toa matope kwenye mikunjo ya wavu, kisha kausha kabisa. Ukishagusa ukaona pamekauka, acha siku mbili nyingine. Usifungashe kitu kibichi ukasema kitakaukia njiani.

Vifaa vyenyewe sitavirefusha. Fimbo ya vipande vinne inaingia kwenye mzigo bila taabu. Ndoana na plaizi (koleo) ziweke kwenye mzigo mkubwa. Fimbo na rili, yaani kigurudumu cha kukunjia mshipi, ulizia kwanza kwa shirika la ndege kama zinaruhusiwa mkononi. Beba fimbo ya akiba. Namba ya mshipi, inayoonyesha uzito wake, ilingane na namba ya fimbo, kwa sababu katika uvuvi huu kinachorushwa ni uzito wa mshipi, nzi anafuata tu. Namba 4 au 5 inatosha mito ya trauti. Kwenye pwani yenye upepo nenda na 8 au 9. Miwani inayokata mng'ao wa maji ni lazima, kwanza uone chini, pili ilinde macho: ndoana ikirudi na upepo haichagui pa kutua. Bana kijino cha kila ndoana kwa plaizi kabla hujaifunga. Ikikuingia kidoleni ukiwa mbali na hospitali, utajua tofauti.

Beba kipimajoto cha maji. Trauti ni samaki wa maji baridi. Joto likipita nyuzi 20 za Selsiasi, oksijeni inapungua majini na samaki aliyechoshwa kwenye mshipi anaweza kufa hata baada ya kuogelea kwenda zake akionekana mzima. Montana, mto ukifika nyuzi kama 23 kwa siku tatu mfululizo, uvuvi huweza kufungwa kuanzia saa nane mchana hadi saa sita usiku. Wewe usisubiri tangazo. Vua alfajiri, mchana pumzika.

Sasa maji kupanda. Hili nalisisitiza kuliko yote.

Mito mingi mashuhuri ya trauti iko chini ya mabwawa ya umeme, na ipo sababu. Maji hutolewa kutoka kilindini mwa bwawa, yako baridi hata kiangazi, kwa hiyo trauti wananenepa mahali ambapo mto wa asili ungewashinda kwa joto. Mgeni anavutwa na samaki hao. Asichoambiwa ni kwamba mto huo haungoji mvua. Unafuata mahitaji ya umeme. Watu wakiwasha viyoyozi kwa pamoja mchana wa joto, mitambo inafunguliwa na maji yanapanda huku mbingu ni nyeupe, hakuna hata wingu. Bwawa la Bull Shoals kwenye mto White, jimbo la Arkansas, lina mitambo 8. Ukizunguka mmoja, na ikizunguka yote 8, hiyo ni mito miwili tofauti.

Nilikuwa na rafiki yangu, mvuvi mzoefu kuniliko, kwenye mto wa namna hiyo ambao sote tulikuwa wageni. Pale tulipofikia tuliambiwa maji hufunguliwa jioni. Na kweli, kwa kawaida ilikuwa hivyo. Siku ile joto lilikuwa kali, na maji yakafunguliwa mchana. Yeye alikuwa ameshavuka hadi kwenye fungu la kokoto katikati ya mto, maji yakimfika magotini. Mimi nilikuwa ukingoni nabadilisha uzi wa mbele.

Dalili ya kwanza haikuwa maji. Vilikuwa vijiti vikavu na majani yakielea, na povu kidogo, vitu ambavyo asubuhi yote havikuwepo. Mto unapopanda huzoa takataka zilizokaukia kando. Nikatazama jiwe lililokuwa mbele yangu: chini lilikuwa na ukijani wa unyevu, juu ukanda mweupe wa ukavu. Ukanda ule ulikuwa umebaki upana wa vidole viwili. Nikakata uzi, nikainua macho tena. Haupo.

Nilimwita hadi sauti ikanikauka. Hakusikia. Mto ulikuwa umeanza kunguruma, na yeye alinipa mgongo kwa sababu samaki nao walikuwa wameanza kula kwa fujo. Maji yakianza kusukuma hung'oa wadudu chini, na samaki huchangamka. Alipogeuka, kokoto alizosimamia zilikuwa zimeshafunikwa. Njia aliyopitia kuja ilimfika mapajani, hatua chache mbele kiunoni. Akaegemea mkongojo wake, ukateleza, akaenda.

Mambo mawili yalimwokoa. Mkanda wa suruali yake ya majini ulikuwa umekazwa, na hakupigana kutaka kusimama. Alilala chali, miguu mbele, akauacha mto umchukue hadi kwenye kona, akapiga mikono kuelekea upande wa ndani ambako maji ni ya polepole, akashika mizizi ya mti. Nilimkuta ameketi, midomo imebadilika rangi, vidole vinashindwa kufungua kifungo cha shati, goti limeanza kuvimba. Jua lilikuwa linatuwakia sote wawili na bado alikuwa anatetemeka meno yakigongana, kwa sababu maji yale yalitoka kilindini. Nguo kavu zilikuwa kwenye gari, na gari lilikuwa mbali. Goti lile halijawa sawa hadi leo.

Kwa hiyo sikiliza. Ratiba ya maji iulize kwa wanaoendesha bwawa, siyo kwa mhudumu wa nyumba ya wageni, siyo kwa mvuvi uliyekutana naye njiani. Mashirika mengine huitangaza kabisa; Tennessee Valley Authority ya Marekani huweka saa za kufungulia maji kwa mabwawa yake mengi, na vipimo vya mito vya USGS, shirika la serikali ya Marekani linalopima mito, vinaonyesha kina na mtiririko karibu papo hapo. Iangalie asubuhi hiyo hiyo, maana ratiba hubadilika. Piga hesabu ya umbali: maji yaliyofunguliwa sasa yanaweza kukufikia baada ya saa kadhaa ukiwa mbali, wakati umeshajisahau. King'ora kipo kwenye mabwawa mengi, lakini kinasikika karibu na bwawa tu.

Ukifika mtoni, kabla hujafunga nzi, chagua jiwe moja ukingoni ambalo maji yanaligusa kwa chini. Litazame kila baada ya mirusho michache. Likibadilika, toka. Usimalizie samaki mmoja, usikimbilie kofia. Na kabla ya kuvuka, jiulize: maji yakipanda hadi kiunoni, nitarudi kwa njia gani? Kama huna jibu, baki upande uliopo. Filimbi ivae shingoni, sauti ya mtu haishindani na mto. Nguo kavu zibebe mgongoni kwenye mfuko usiopitisha maji.

Kuhusu kutembea majini: wengi wanaogopa kwamba suruali ya majini ikijaa itawavuta chini. Maji ndani ya maji hayana uzito wa kukuzamisha. Taabu huja wakati wa kupanda ukingoni. Mkanda ndio unaozuia yasiingie kwa wingi na kubakiza hewa, basi ukaze kila mara. Vuka kwa mshazari kufuata mto unakoteremkia, mguu mmoja baada ya mwingine, usipishanishe. Ukianguka, usisimame mpaka umefika pasipo na kina. Mguu ukinasa kati ya mawe huku mkondo unakusukuma kwa nyuma, hutauchomoa.

Baharini mambo ni mengine lakini akili ni ile ile. Jua saa za kupwa na kujaa, na jua kama ni bamvua, kwa sababu siku hizo maji hurudi kwa kasi na mkondo ulioruka asubuhi unakuwa mto nyuma yako. Kokota miguu mchangani badala ya kuinyanyua, ili samaki taa aliyejifukia akusikie aondoke. Ukimkanyaga atakuchoma kwa mwiba. Viatu viwe vigumu, matumbawe yanakata. Jioni suuza rili na fimbo kwa maji yasiyo na chumvi, kila siku bila uvivu.

Mengine unayajua. Dawa zako, namba ya dharura ya nchi uliyopo (Ulaya ni 112), maji ya kunywa, mikono mirefu. Mwachie mtu ujumbe ulioandikwa: mto gani, umeingilia wapi, utarudi saa ngapi, na ukichelewa ampigie nani. Ukiweza kuajiri mwenyeji anayeujua mto kwa siku ya kwanza, mwajiri, na umuulize maswali ya maji kabla ya maswali ya samaki. Kwenye nchi za dubu, piga makelele unapopita vichakani. Na radi ikianza kunguruma, hata kwa mbali, laza fimbo chini uondoke majini. Fimbo nyingi za siku hizi ni za kaboni, na kaboni inapitisha umeme. Usingoje mvua ianze.