Lubumbashi: namna ya kuchagua barabara ya safari ya kulala ndani ya motoka

Motoka yetu ni minibasi ya zamani. Tulitoa viti vya nyuma, tukaweka kitanda cha mbao, madumu ya maji na mbabula, yaani jiko la makaa. Mizigo ikipanda juu, inafika karibu mita 3. Ukubwa wa motoka ndio ninaoanza nao, maana barabara inaweza kupendeza sana, lakini kama haina mahali pa kugeuzia, ni mtego.

Chagua mwezi kwanza, barabara baadaye. Kwetu mvua inaanza karibu na Novemba, inakatika Aprili. Kila mtu anatamani maporomoko ya Lofoi, kule kwenye hifadhi ya Kundelungu, yanayoanguka zaidi ya mita 300. Shida ni kwamba maji yakijaa, njia inakuwa matope. Njia ikikauka vizuri, mwezi wa tisa, maji yamebaki kama uzi. Ninapendelea mwisho wa Mei na Juni: udongo umeshika, na mto bado una nguvu. Hata hivyo huko huendi na minibasi, tafuta jipu.

Kama unapenda miti, ngoja Septemba na Oktoba. Miombo inatoa majani mapya kabla mvua haijanyesha, mekundu kama shaba. Kwa kuona hayo, lami ya kutoka Lubumbashi mpaka mji wa Likasi, kilomita kama 120, inakutosha, na ndiyo ninayomshauri mtu wa mara ya kwanza. Ondoka alfajiri. Barabara inaelekea kaskazini-magharibi, hivyo jua la asubuhi linabaki mgongoni na kuangaza miti iliyo mbele yako. Alasiri lingekupiga machoni, na kamio, yaani malori, za kubeba shaba ni nyingi. Usitazame mandhari huku unaendesha: simama kabisa, nje ya lami, kisha utazame.

Kutoka Likasi unaweza kukata kuelekea Mwadingusha, kwenye ziwa Tshangalele. Ziwa hilo lilitokana na bwawa la umeme lililojengwa juu ya mto Lufira, na mtambo wake ulianza kazi mwaka 1930. Njia ni ya udongo, na hapo ndipo kuuliza kunahitaji akili. Usiulize, "Njia ni nzuri?" Siku moja nilimuuliza kijana wa baiskeli, akasema ni nzuri sana. Kwa baiskeli yake ilikuwa kweli. Mimi nilifika kwenye daraja la magogo lililooza, nikarudi kinyumenyume mpaka jioni, mama watoto akitembea nyuma kunionyesha mashimo. Tangu siku ile ninauliza, "Baba, kamio ya mwisho ilipita hapa lini?" Akisema leo asubuhi, ninaingia. Akianza kuhesabu siku kwa vidole, ninabaki kwenye lami. Njia ikiwa nyembamba, shuka utembee kwa miguu mpaka kona inayofuata.

Panga kufika saa kumi, maana saa kumi na mbili giza limeingia. Mwone kwanza chefu wa kijiji, umwambie mko wangapi na mtalala wapi. Yeye ndiye anayejua mahali palipo pakavu na upande wenye mamba. Egesha mahali pa juu, pua ya motoka ikielekea ulikotokea. Kitanda chetu kina dirisha ubavu wa kushoto, kwa hiyo ubavu huo ninauelekeza ziwani, ili asubuhi tukivuta pazia tuone mitumbwi ikirudi na samaki.