Kuelea kwa Helikopta kwenye Simuleta ya Nyumbani

Anayeanza kurusha helikopta kwenye kompyuta huanguka ndani ya sekunde chache, kisha huamini kwamba helikopta halisi ni ngumu kuliko hiyo. Katika kuelea, yaani kuisimamisha hewani futi chache juu ya ardhi, mara nyingi ni kinyume chake. Rubani halisi huhisi ndege ikiserereka kupitia kiti alichokalia na kupitia pembe za macho yake, lakini wewe unategemea skrini iliyo mbele yako tu. Kwa hiyo maandalizi ya nyumbani yaanze na vifaa.

Kolektivi ni wenzo ulio kushoto kwa kiti, na huvutwa juu ili pembe ya mapanga yote ya rota, yaani yale yanayozunguka juu ya ndege, iongezeke kwa pamoja na ndege ipande. Wenzo wa injini unaouzwa pamoja na joistiki nyingi, yaani fimbo za kuongozea za kompyuta, husukumwa mbele ili kuongeza nguvu. Geuza mwelekeo wa wenzo huo katika mipangilio ya programu ili kuvuta ndiko kuwe kupanda, la sivyo mkono utazoea kinyume, na zoea hilo ni gumu kung'oa. Tumia pedali za miguu, ambazo huitawala rota ya mkia na kugeuza pua, kwa maana kukizungusha kishikio cha joistiki hakumfundishi mtu lolote kuhusu mkia. Springi ya joistiki nayo huleta taabu: helikopta ambayo rota yake huzunguka kinyume cha saa ikitazamwa kutoka juu, kama zilivyo nyingi za Marekani, husukumwa kulia na rota ya mkia, hivyo saikliki, yaani fimbo ya kuiinamisha ndege mbele, nyuma au kando, hushikiliwa kidogo upande wa kushoto muda wote wa kuelea. Ukiiachia irudi katikati, ndege itakwenda zake.

Chagua ndege moja na ubaki nayo. Microsoft Flight Simulator, ilipoongezewa helikopta mwezi Novemba 2022, ilileta Bell 407 na Guimbal Cabri G2, ambazo rota zake huzunguka pande tofauti: unapovuta kolektivi, Bell hudai pedali ya kushoto, na Cabri, kwa kuwa ni ya Kifaransa, hudai ya kulia. Anayeruka leo na hii, kesho na ile, huichanganya miguu yake bure.

Fanya kama wafanyavyo wakufunzi, ambao humpa mwanafunzi kidhibiti kimoja kimoja. Washa misaada ya urubani iliyomo katika programu, ushughulikie pedali peke yake hadi pua itulie, ongeza kolektivi, saikliki ije mwisho. Tazama mbali, kwenye mti au ukingo wa barabara, wala si ardhi iliyo chini ya miguu. Sogeza fimbo kidogo sana kisha uirudishe kabla ndege haijamaliza kuitikia, kwa kuwa anayengoja kuona matokeo huwa amekwisha kuchelewa.

Injini inapozimika, upande wa urahisi hubadilika: sasa nyumbani ndiko rahisi. Robinson R22, helikopta ndogo ya Marekani, ina rota nyepesi inayopoteza mzunguko upesi, na rubani asipoishusha kolektivi karibu papo hapo, hakuna cha kumwokoa. Marekani imeweka kanuni maalumu ya mafunzo kwa R22 na ndugu yake R44 tangu 1995. Nyumbani hakuna hofu, na kwa sababu hiyo zoezi hupoteza nusu ya thamani yake. Hata hivyo, mpangilio wa vitendo hujengeka. Katika X-Plane, simuleta nyingine, panga hitilafu itokee bila wewe kujua wakati, kisha ushushe kolektivi, urekebishe pedali, na katika R22 ushike mwendo wa noti 65, yaani maili 65 za baharini kwa saa.

Usizoee kamwe kusukuma saikliki mbele ghafla ili ushuke. Simuleta inaweza kukusamehe, lakini katika helikopta ya mapanga mawili kama R22, kupungukiwa uzito hewani kunaweza kufanya kitovu cha rota kigonge mhimili wake na kuukata.

Ukishaelea vizuri Mombasa, karibu na usawa wa bahari, ipeleke ndege ile ile, ikiwa na mzigo ule ule, uwanja wa ndege wa Wilson mjini Nairobi, kwenye kimo cha karibu futi 5,500, saa za mchana wa joto. Hewa huko ni nyepesi, kolektivi itavutwa juu zaidi, na akiba ya nguvu itakuwa ndogo. Somo hili simuleta nzuri hulifundisha kwa uaminifu.

Siku utakapopanda helikopta halisi, mweleze mkufunzi mapema kwamba umejifunzia nyumbani, ili akuangalie macho: wengi waliotoka kwenye simuleta hukodolea vipimo badala ya upeo wa macho.