Venye unaweza kuongea na mtoto akiwa bado tumboni, na saa ile ya kwanza akitoka

Nikiwa na mimba ya kwanza tulikuwa tunaishi Umoja, ghorofa ya nne, hakuna lifti, ngazi 64, na kila jioni nikitoka kazi nilikuwa napanda nikihesabu kwa sauti ndio nisikate tamaa njiani. Siku mtoto alizaliwa, katika hospitali fulani hapa Nairobi, walimpeleka kwa mizani, wakamfunga shuka, wakamwacha kona ile akilia karibu saa nzima na mimi niko kitandani nikiomba niletewe. Walipomlaza kwangu sikujua nimwambie nini, so nikaanza tu moja, mbili, tatu, na kabla nifike thelathini alikuwa amenyamaza, macho yake yakiwa wazi.

Kama una mimba ama bibi yako anayo, anza kuongea na mtoto kutoka miezi sita hivi, juu masikio huanza kushika sauti karibu wiki ya 24 ama 25. Maneno hayamfikii vizuri, kinachomfikia ni mdundo na venye sauti inapanda na kushuka, kama venye unasikia jirani wa ploti akiongea nyuma ya ukuta, hushiki anasema nini lakini unajua ni yeye na unajua kama amekasirika. Sauti ya mama ndio humfikia kwa nguvu kuliko zote kwa sababu inapitia mwilini mwake mwenyewe. Mwaka 1980 huko Marekani DeCasper na Fifer walipea watoto wa chini ya siku tatu chuchu ya mpira iliyounganishwa na mashine, wakinyonya kwa mwendo mmoja wanasikia mama yao, wakibadilisha mwendo wanasikia mama wa mwingine, na hao watoto wakajifunza kunyonya venye italeta sauti ya mama yao. Siku tatu bado hazijaisha, na ashajua mtu wake!

So chagua kitu kimoja kifupi, wimbo ama salamu ama maombi ya jioni, urudie kila siku kwa sauti yako ya kawaida. Kule Finland mwaka 2013 watafiti walipata kwamba watoto waliochezewa wimbo mmoja mara nyingi miezi ya mwisho ya mimba, ubongo wao ulikuwa bado unautambua wakiwa na miezi minne. Usiweke spika ama hedifoni juu ya tumbo, ni kelele nyingi kwa masikio madogo na sauti yako inatosha. Baba naye aongee, ila asivunjike moyo mtoto akitoka na asionyeshe kumchagua, kazi yake kubwa inaanza hapo. Na usimsukumesukume mtoto ndio aamke akusikie, miezi ya mwisho analala saa nyingi sana, lakini ukiona amepunguza kucheza kuliko kawaida yake usingoje kesho, enda hospitali saa hiyo hiyo.

Hata chakula anaonja. Ladha ya kitunguu saumu inafika kwa maji ya chupa, yale yanamzunguka tumboni na anayameza, so kula sukuma yako na dhania yako bila wasiwasi.

Sasa leba. Wakati anazaliwa homoni za mshtuko humpanda sana, na hiyo si mbaya, inasaidia kukausha maji kwa mapafu na inamwacha macho saa ile ya kwanza kabla alale usingizi mrefu. Hiyo saa ndio usikubali ipotee kama yangu. Ongea na nesi mapema ukiwa kliniki, mwambie unataka mtoto alazwe kwa kifua chako bila nguo, ngozi kwa ngozi, shuka iwe juu yenu wote wawili, na mikono yake isipanguswe, ile harufu ya maji ya chupa anaijua na inamsaidia kutafuta titi. Kuoga kungoje, WHO wanasema masaa 24, so shosho akija na beseni mwambie kwa heshima angoje kesho. Ukifanyiwa upasuaji bado uliza, na kama wewe huwezi kifua cha baba kinaweza. Akizaliwa kabla ya wakati, uliza kuhusu kangaruu, ile ya kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi.

Na kama ilipotea usijitese. Mtoto habaki na kuzaliwa kama stori ya kukumbuka, sehemu za ubongo za kuweka kumbukumbu kama hiyo bado hazijakomaa, ndio maana watu wazima wengi kumbukumbu yao ya kwanza ni ya miaka mitatu hivi. Kwa hivyo mtoto wa miaka mitatu akikuambia anakumbuka giza la tumboni, msikilize vizuri, lakini usimuulize "uliona nini, ulikuwa unaogopa?" juu atakujibu chochote anachoona unataka, na kesho ataamini ni yake.

Wangu sasa ana miaka minne. Ngazi za Umoja hazijui, tulihama akiwa na miezi minane. Usiku akiamka akilia bado namhesabia, na hatujawahi fika 64.