Kutengeneza Vidonda na Damu Bandia kwa Ajili ya Kupiga Picha Jijini Mwanza

Picha nyingi za kutisha huharibika kwa sababu mtengenezaji humimina damu kabla hajatengeneza kidonda. Anza na kidonda chenyewe; damu ije mwisho, tena iwe kidogo kuliko unavyotamani.

Kwa jeraha la kukatwa au la moto, nyenzo inayofaa zaidi ni jelatini ya unga isiyo na ladha, ambayo hutafutwa kwa wauzaji wa vifaa vya keki, pamoja na gliserini ya duka la dawa. Jelatini hutokana na ng'ombe au nguruwe, kwa hiyo soma pakiti na umwarifu atakayepakwa kabla hujaanza. Changanya kipimo kimoja cha jelatini, kimoja cha gliserini na kimoja cha maji, uache mchanganyiko uvimbe kwa dakika 10, kisha weka bakuli lake ndani ya sufuria yenye maji ya moto hadi uyeyuke bila kuchemka. Umimine kwenye sahani iliyopakwa mafuta kidogo ya kupikia, katikati pawe pazito na kingo ziwe nyembamba kama ganda la kitunguu. Ukishaganda, uchane katikati, ubandike kwa jelatini ya uvuguvugu uliyoijaribu kwanza kwenye mkono wako mwenyewe, kisha pitisha kijiti cha pamba chenye maji ya moto kwenye kingo hadi usiweze tena kuona ngozi inapoishia. Kazi hii ya kingo ndiyo inayostahili muda wako mwingi, kwa kuwa kamera husamehe rangi isiyo sahihi kuliko inavyosamehe ukingo uliobanduka.

Maelekezo mengi ya vipodozi vya kutisha yameandikwa kwa ajili ya ngozi nyeupe, na ukiyafuata kwa ngozi yetu matokeo hufanana na rangi ya ukutani. Kwenye ngozi nyeusi, mvilio wa damu huonekana kama zambarau iliyokolea inayokaribia weusi, wala si wekundu. Ndani ya jeraha huwa na waridi na nyekundu, na kingo zake huwa nyeusi kuliko ngozi inayozizunguka. Mtu aliyepoteza damu nyingi mpake kijivu chepesi kuzunguka midomo na chini ya macho, kamwe usimpake poda nyeupe.

Damu hutengenezwa kwa kuchemsha kikombe kimoja cha sukari katika nusu kikombe cha maji. Sharubati hiyo ikipoa, tia rangi nyekundu ya chakula, tone moja la bluu, na kijiko cha chai cha kakao iliyochekechwa ili kuondoa ule wekundu wa peremende. Damu iliyoganda iongezee kakao na wanga wa mahindi kidogo. Rangi ya chakula hung'ang'ania nguo, kwa hiyo vaeni zisizo na thamani, na kumbukeni kwamba sukari huvuta nzi na nyuki.

Mkono uliokatwa hutengenezwa kwa kujaza plasta ya jasi ndani ya glavu ya mpira, kuining'iniza hadi ikauke, na kuichana glavu. Usitumbukize kamwe mkono wa mtu ndani ya plasta, kwani hutoa joto kali inapoganda na inaweza kuunguza vibaya. Unapopaka rangi, kiganja na kucha ziwe na weupe kidogo, na mistari ya kiganja pamoja na vifundo vya vidole viwe na weusi zaidi. Bila tofauti hizo utaona sanamu tu.

Hapa nazungumza kwa msisitizo. Kanda ya Ziwa imeshuhudia watu wenye ualbino wakiuawa na kukatwa viungo, na mkono wa plasta ulioachwa kwenye kiti cha daladala unaweza kuamsha hofu na hata vurugu. Ubebeni ukiwa umefungwa ndani ya sanduku, mkitoa taarifa mapema kwa mwenyekiti wa mtaa na kituo cha polisi kilicho karibu. Vilevile msiigize maiti iliyosukumwa ufukweni na maji, maana familia nyingi bado zinaomboleza waliozama na MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018.

Kwa mandhari, mawe makubwa ya Mwanza yanafaa sana, lakini jua la mchana huwa utosini, huua kina cha jeraha na kulegeza jelatini. Pigeni picha asubuhi au kuanzia saa kumi jioni, mwanga ukitoka ubavuni. Akiba ya vidonda ikae kwenye chombo chenye barafu, na gliserini kidogo ipakwe juu ya damu dakika ya mwisho ili ing'ae.

Baada ya kazi, jelatini hutoka kwa maji ya moto kiasi na sabuni. Mabaki ya plasta yasimwagwe ziwani wala kwenye sinki, kwani huziba mabomba. Yavunjwe vipande visivyotambulika, yafungwe na kutupwa pamoja na taka kavu.