Kabla hujaponda kidonge cha kolesteroli uweke kwenye jipu

Habari kwamba dawa za kushusha kolesteroli zinaua bakteria sugu wa ngozi imefika Mwanza kupitia simu, na imefika nusu. Utafiti wenyewe upo kweli. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walichapisha matokeo kuhusu simvastatini, dawa ambayo wazee wengi wenye shida ya moyo wanaifahamu. Waliipaka kwenye vidonda vya panya walioambukizwa MRSA, yule stafilokokasi anayezishinda karibu dawa zote za jamii ya penisilini. Bakteria walipungua kidondani, na kemikali za mwili zinazochochea uvimbe zikashuka pia. Nusu iliyobaki njiani ndiyo hii: wale walikuwa panya, na dawa waliyopakwa iliandaliwa maabara kwa kazi hiyo. Hakuna aliyeponda kidonge cha dukani.

Mimi nahudumu kwenye duka la dawa upande wa Kirumba. Wateja wangu wengi wanatoka mwaloni: wapakuaji wa samaki, akina mama wa dagaa, vijana wa mitumbwi. Mikono yao haikosi mchubuko. Mwiba wa sangara, kamba ya nyavu, ukingo wa bati la ndoo, vyote vinafungua ngozi, na stafilokokasi hana haja ya mlango mkubwa. Ndiyo maana naichukulia habari hii kwa uzito, na ndiyo maana nataka mtu ajue haya kabla hajafungua pakiti.

La kwanza ni kiasi. Dawa hizi za kolesteroli zilitokana na kazi ya Akira Endo wa Japani, aliyezikuta kwenye ukungu wa jamii ya penisiliamu miaka ya 1970. Ya kwanza kuidhinishwa Marekani, lovastatini, ilitoka mwaka 1987. Zilitengenezwa kuzuia kimeng'enya kinachotumika kutengeneza kolesteroli kwenye ini, na ini ndilo linalozinyakua karibu zote ukishameza. Kinachobaki kwenye damu ni kidogo mno, pungufu kwa zaidi ya mara elfu moja kuliko kiasi kinachohitajika kumzuia stafilokokasi kwenye maabara. Kwa hiyo anayemeza simvastatini kila usiku kwa ajili ya moyo hajapata kinga ya majipu, na anayeongeza vidonge ili dozi "ifike kwenye kidonda" ataumiza misuli kabla ya kumgusa bakteria. Misuli ikianza kuvunjika utasikia maumivu na udhaifu mapajani na mabegani, mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi, na figo zinaingia hatarini. Hapo ni hospitali, siku hiyohiyo.

La pili, na hili nataka nikae nalo, ni kuponda. Tumezoea. Rangi mbili, ile kapsuli ya antibayotiki, inafunguliwa, unga unamwagwa kidondani, juu kinafungwa kitambaa. Kijana mmoja mbeba samaki alikuja na jipu kwenye kiwiko, limevimba hadi ngozi inang'aa. "Shikamoo dada. Nipatie zile za mafuta ya mzee, mbili tu, nisage nipake." Nikamwomba anioneshe mkono chini ya taa. Pembeni ya jipu kulikuwa na unga mkavu wa njano, mabaki ya kapsuli ya siku zilizopita, umegandamana na usaha ukawa gamba gumu. Chini ya gamba lile usaha ulikuwa unatafuta njia na hauioni. Unga wa kidonge ungefanya vilevile. Ndani ya kidonge mna dawa kidogo, na sehemu kubwa ni vijazo kama laktosi na selulosi, tena si kitu kilichotakaswa kwa ajili ya jeraha wazi. Ukiuweka unaziba kidonda, unaficha hali yake kwa daktari, na dawa yenyewe haipenyi inavyotakiwa. Sikumuuzia. Nilimwelekeza kituo cha afya akapasuliwe, maana jipu lililoiva tiba yake kubwa ni kutolewa usaha na mtu aliyefunzwa. Mara nyingi hilo hutangulia antibayotiki yoyote.

Kukamua mwenyewe hapana, na usoni hapana kabisa, hasa kuzunguka pua na mdomo wa juu, kwa sababu mishipa ya pale ina njia ya kuelekea ndani ya kichwa. Kitambaa safi kilicholowekwa kwenye maji ya uvuguvugu kinatosha kusaidia jipu liive.

Halafu jiulize unapigana na nani. Simvastatini ikiwa peke yake haikufua dafu mbele ya bakteria wa kundi la gramu hasi, kwa kuwa wana utando wa nje unaoizuia. Na hapa kwetu hilo si jambo dogo: utafiti uliofanyika hospitali ya Bugando kuhusu vidonda sugu vya miguuni uliwakuta hao gramu hasi ndio wengi, tena waliokwisha kuzizoea dawa nyingi. Kidonda kilichoingia maji ya ziwa kina habari yake pia. Maji baridi hubeba bakteria aitwaye aeromonasi, ambaye anaweza kukivuruga kidonda kwa kasi. Kwa hiyo ukifika kwa daktari usiseme "nina kidonda" ukanyamaza. Sema kilianzaje, kama ni mwiba wa samaki, kama uliingia ziwani nacho, na kina siku ngapi.

Kabla ya kutoka nyumbani, kusanya pakiti zote za dawa ulizotumia, hata zilizoisha, hata zile za kuazima kwa jirani. Ukisema tu "nilimeza zile nyekundu" humsaidii mtu. Kama wewe ni mtumiaji wa simvastatini kwa sababu ya moyo, hilo litaje mwanzo kabisa. Erithromaisini na klarithromaisini, ambazo hupewa wagonjwa wa ngozi hasa wenye mzio wa penisilini, huzuia mwili kuivunja simvastatini, ikajaa kwenye damu na kuleta yaleyale ya misuli. Baadhi ya dawa za fangasi za kumeza zinafanya hivyo, na dawa za VVU zenye ritonavia pia. Usiache dawa ya moyo kwa uamuzi wako mwenyewe. Mwache daktari achague antibayotiki inayokubaliana nayo. Mama mjamzito naye aseme mapema, kwani kwa kawaida dawa hizi za kolesteroli hapewi.

Omba usaha uoteshwe maabara kabla hujaanza dozi mpya, hasa kama majipu yanarudi au dawa mbili zimeshindwa. Majibu huchukua siku kadhaa, najua, na wengi hawana subira wala nauli ya kurudi. Lakini ndiyo njia ya kujua kama ni MRSA kweli na dawa ipi bado inamuweza. Siku hiyohiyo pima sukari. Majipu yanayojirudia kwa mtu mzima mara nyingine ndiyo dalili ya kwanza ya kisukari.

Dalili za hatari usizitafute kwa rangi. Maelezo mengi yanasema ngozi inakuwa nyekundu, na kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri. Pitisha mgongo wa mkono: pana joto kuliko upande wa pili? Pamekaza? Uvimbe umevuka mstari uliouchora jana kwa kalamu? Homa, kutetemeka, au maumivu makali yasiyolingana na udogo wa kidonda, usisubiri kesho.

Nyumbani, taulo, wembe na shuka za mgonjwa zisichangiwe, na kidonda kifunikwe.

Mwisho, akitokea mtu na marashi ya "kolesteroli" ya kutibu vidonda, muulize namba ya usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Akisema ni majaribio, muulize kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na fomu ya ridhaa iwe kwa Kiswahili unachokielewa, ikieleza utapakwa nini, madhara yakitokea nani atakutibu, na kwamba unaweza kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu ya kawaida. Mtafiti wa kweli atakujibu yote bila kukasirika. Asiyeweza kujibu, usimpe ngozi yako.