Ukiliacha gari la zamani Kigoma, anza na chasisi

Ndugu zangu wenye Land Rover za wazee zilizolala uani, kuanzia Ujiji hadi Mwanga, mvua za Novemba zisiwakute hivyo. Bodi yake ni ya alumini isiyoshika kutu, ndiyo maana watu hudanganyika kuwa gari ni zima. Chasisi, yaani fremu ya chini inayobeba bodi, ni chuma, na huoza kutokea ndani. Osha tope lote la chini, zibua matundu ya kutolea maji, acha gari likauke kabisa, kisha ipake chasisi grisi.

Turubai la plastiki lililobana bodi ndilo adui mkubwa. Unyevu wa ardhini unapanda na kunaswa humo. Asubuhi ukifunua, gari limeloa chepechepe na wala mvua haikunyesha. Niliyaona hayo kwenye gari la marehemu baba, bado yananiuma. Heri kibanda cha bati chenye kupitisha hewa, na sakafu ya zege au mawe, si majani. Hendibreki usiivute, breki zitaganda. Weka kabari kwenye matairi.

Kwa wezi: kama ni la petroli, fungua kifuniko cha distribyuta (kigawa umeme wa plagi) uchomoe rota. Ni kidude cha kuingia mfukoni, lakini bila hicho injini haiwaki. Betri iweke ndani. Ila mwizi wa mtaani mara nyingi hana haja na gari zima, anataka taa, vioo na tairi la akiba. Vua vinavyovulika, vifungie ndani ya nyumba, na namba ya chasisi iandike daftarini pamoja na picha.