Kuchagua kaushio la umeme la nyumbani: usihesabu trei, pima hewa

Boksi la kaushio la matunda na mboga huwa limeandikwa idadi ya trei kwa tarakimu kubwa, na wanunuzi wengi hulinganisha mashine kwa tarakimu hiyo: trei 5, trei 8, trei 12. Trei ni sahani tu. Kinachokausha ni hewa ya moto inayopita juu yake na kubeba maji kwenda nje. Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, ulizia mambo matatu: eneo la kutandazia ni kiasi gani, wati zilizopo zinalitosha eneo hilo, na je, hewa inafika trei zote au inaishia kwenye mbili za karibu na feni?

Kwanza, unalihitaji kweli?

Inategemea unaishi wapi. Dodoma, Singida au Shinyanga wakati wa kiangazi hewa ni kavu kiasi kwamba michembe na matobolwa (viazi vitamu vya kukausha) hukauka vizuri juani, na mlenda vilevile. Mtu wa huko akinunua kaushio la umeme analipia kitu ambacho anga linampa bure. Kinachomfaa ni kaushio la jua: sanduku la mbao lililopakwa rangi nyeusi ndani, lenye kioo au nailoni ngumu juu, wavu wa kutandazia, tundu la kuingizia hewa chini na la kutolea juu. Linazuia vumbi na nzi. Mboga za majani zinataka muundo unaozificha kwenye kivuli, maana jua la moja kwa moja hupausha mchicha na kuharibu vitamini A.

Pwani ni habari nyingine. Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar au Mombasa, embe lililoanikwa asubuhi linaweza kulala usiku likivuta unyevu, na siku ya tatu limeota ukungu. Hapa mashine ya umeme inalipa. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 ukiipasha moto hadi nyuzi 57 (Selsiasi, kama nyuzi zote humu), unyevu wake hushuka hadi karibu asilimia 20. Maji yaliyomo ni yaleyale, ila hewa ya moto ina nafasi ya kubeba mengine mengi. Kazi ya kaushio ni hiyo tu: kupasha, kupuliza, kutoa nje.

Oveni ya jiko la gesi si mbadala mzuri. Nyingi hata zikipunguzwa mpaka mwisho huwa zimeshapita nyuzi 100, na hapo unapika.

Eneo na wati: fanya hesabu dukani

Trei ya duara yenye upana wa sentimita 32, yenye tundu la hewa la sentimita 8 katikati, ina eneo la takriban sentimita za mraba 750. Tano zake hazifiki hata nusu mita ya mraba. Ni kama 0.38. Trei za mraba za sentimita 38 kwa 38, zikiwa tisa, zinatoa mita ya mraba 1.3. Ndiyo maana "trei 5" na "trei 9" havilinganishwi kwa kuhesabu.

Slesi za embe za unene wa milimita 5, zikitandazwa bila kupandana, zinakaa kama kilo 4 kwa kila mita ya mraba. Basi ile ya duara ya trei tano inabeba kilo moja na nusu ya nyama ya embe, yaani kama kilo mbili na nusu za maembe ukihesabu ganda na kokwa. Mwishoni unatoa takriban gramu 300 za embe kavu. Kama nyuma ya nyumba una mwembe mmoja wa dodo unaoangusha ndoo kila asubuhi, mashine hiyo itakuchosha wiki ya kwanza. Kama unakaushia watoto vitafunio na kuhifadhi nyanya za bei ya chini, inatosha kabisa.

Sasa wati. Kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke kunahitaji nishati ya karibu uniti 0.65, hata mashine ingekuwa haipotezi chochote, na za nyumbani hupoteza nusu au zaidi. Kilo moja na nusu ya embe inatoa kilo 1.2 za maji. Kwa hiyo muuzaji akikuambia mashine ya wati 250 inakausha kilo tano za matunda kwa saa sita, hesabu inamkataa: wati 250 kwa saa sita ni uniti moja na nusu, na kilo tano za matunda zina maji ya kilo nne yanayodai zaidi ya uniti mbili na nusu hata bila hasara. Makadirio ya kufaa ni wati 500 hivi kwa zile ndogo za duara, na 600 hadi 1,000 kwa sanduku la trei tisa au kumi. Soma wati kwenye kibati kilichobandikwa chini au nyuma ya mashine yenyewe, usiamini boksi.

Feni iko wapi?

Hapa ndipo mashine zinapotofautiana sana.

Feni ya chini ndiyo ya bei nafuu kuliko zote. Hewa hupanda kupitia trei moja baada ya nyingine, ikipoa na kulowa njiani. Trei ya chini inakauka wakati ya juu bado mbichi, hivyo unazungusha trei kila saa mbili. Tatizo kubwa zaidi ni matone: nyanya, nanasi na embe bivu hudondosha juisi, na juisi hiyo inaangukia kwenye koili na mota. Sukari ikiungua pale, harufu haitoki tena.

Feni ya juu ina kasoro ileile ya kuzungusha trei, lakini matone yanaishia kwenye sahani ya chini unayoosha. Ukiwa na bajeti ya mashine ya duara, chukua hii.

Feni ya nyuma ni ya sanduku linalofanana na oveni ndogo, trei zinaingia kama droo na hewa inapita juu ya kila trei kwa wakati mmoja. Inakausha kwa usawa zaidi, harufu ya kitunguu haiingii sana kwenye ndizi, na unaweza kutoa baadhi ya trei ukapata nafasi ya vitu vinene. Ni ghali na inakula meza. Atakayekausha kila wiki asijaribu kubana matumizi hapa.

Joto, na kwa nini thamostati ni lazima

Kuna mashine zisizo na thamostati, yaani kidude cha kupanga joto; zina swichi ya kuwasha na kuzima tu. Joto lake ni moja, mara nyingi la juu, na hapo ndipo kazi nyingi huharibika. Tafuta inayoanzia nyuzi 35 na kufika 70 au zaidi kidogo:

- majani ya viungo kama mchaichai na mnanaa: 35 hadi 40
- mchicha, matembele, mnafu, bamia: 50 hadi 55
- matunda na nyanya: 57 hadi 60
- nyama: 68 hadi 70, na si kwa mashine peke yake

Hilo la nyama lisichukuliwe kijuujuu. Wizara ya Kilimo ya Marekani inashauri nyama ipashwe moto ndani hadi nyuzi 71, na kuku 74, kabla haijaingia kwenye kaushio. Sababu ni kwamba maji yanapovukiza hupoza nyama, hivyo kipimo cha mashine kinaweza kusoma 68 ilhali nyama yenyewe iko chini sana, na vijidudu vikishakaukia humo vinastahimili moto kuliko mwanzo. Chemsha vipande kwenye viungo vyake kwanza, ndipo ukaushe.

Ukipandisha joto ili kazi iishe haraka, sehemu ya nje ya tunda inajifunga ganda kavu na maji yanabaki ndani hayana pa kutokea. Ukiligusa unasema limekauka. Baada ya wiki mbili kwenye chupa, ukungu.

Umeme ukikatika

Jambo hili halimo kwenye maelezo ya mtengenezaji, na kwetu lina uzito kuliko muda wa dhamana. Mashine nyingi za vitufe na skrini, umeme ukikatika na kurudi, hukaa kimya zikisubiri ubonyeze tena. Ya kuzungusha kwa mkono inaendelea yenyewe ilipoishia. Ukiwasha saa nne usiku ukalala, umeme ukakatika saa sita kwa dakika kumi, asubuhi ya vitufe itakukabidhi maembe ya uvuguvugu yaliyochacha. Muombe muuzaji achomoe waya mashine ikiwa inafanya kazi, auchomeke tena, muone. Kama haiwaki, kausha mchana ukiwa nyumbani, au nunua ya kuzungusha.

Volti nazo. Mashine iliyoletwa kutoka Marekani ni ya volti 120. Kwenye soketi ya Tanzania au Kenya inaungua papo hapo. Ndugu akikutumia, utahitaji transfoma ya wati 1,000 kwa mashine ya wati 600, na bei yake inakaribia ya kununua nyingine. Kibati kiseme 220–240V, 50Hz.

Matumizi: wati 500 kwa saa 10 hayazidi uniti 5, na kwa kuwa thamostati hukata na kurudisha, mara nyingi ni 3 hadi 4. Soma mita ya LUKU unapowasha na unapozima, kisha toa uniti ambazo friji na taa hula usiku wa kawaida. Fanya hivyo mara moja tu na utajua gharama yako halisi. Aliye kwenye kundi la D1 la TANESCO (wateja wa nyumbani wanaotumia umeme kidogo) awe mwangalifu: bei nafuu ni ya uniti 75 za mwezi, zinazozidi hapo huuzwa kwa zaidi ya mara tatu. Kukausha mara kumi kwa mwezi ni uniti 30 hadi 40. Kwa Kenya, kundi la chini kabisa linaishia uniti 30, kwa hiyo mashine hii peke yake inaweza kukutoa humo.

Trei za plastiki au za chuma

Plastiki haina ubaya ikiwa na alama ya pembetatu yenye namba 5 au herufi PP. Isiyo na alama yoyote iache. Kwa dagaa na samaki plastiki haifai, harufu inaingia na haitoki hata kwa limau na magadi. Chukua chuma cha pua. Tahadhari ya trei za waya zinazong'aa sana kwenye mashine za bei ya chini: nyingi ni chuma cha kawaida kilichopakwa kromu, na asidi ya nanasi hula kromu kwenye maungio mpaka kutu ichomoze. Kagua pale waya zinapokutana.

Jaribu kabla ya kuondoka nayo

Washa kwa nyuzi 60 bila kitu ndani, subiri dakika 20. Shika kipande cha tishu juu ya kila trei, mbele na nyuma, uone kama kinapepea. Kama una kipimajoto cha jikoni, kiweke katikati kisha pembeni. Tofauti ya nyuzi 3 au 4 si kitu. Ikifika 10, iache. Sikiliza feni pia: mlio wa kukwaruza ukiwa mpya ni beringi inayoanza safari ya kufa, na mashine hii utailaza ikiwaka.

Mzigo wa kwanza: embe

Chagua yaliyoiva lakini bado magumu kiasi. Lililolainika linageuka uji kwenye trei. Kata slesi za milimita 5 zinazolingana, kwa sababu nyembamba itaungua ukingoja nene. Loweka dakika 10 kwenye maji na juisi ya limau kwa kiasi sawa, zisiwe nyeusi. Chuja, futa, tandaza zisigusane. Pakaza trei mafuta kidogo sana. Karatasi ya kuokea isifunike trei nzima kwenye mashine ya duara, maana unaziba njia ya hewa.

Weka 57. Saa ya nne geuza slesi na kubadilisha trei. Anza kukagua saa ya nane. Toa slesi moja, iache ipoe dakika tano, kisha ichane: isipotoa unyevu pale ilipochanika, na ikajikunja bila kuvunjika, tayari. Ikiwa bado ya moto hulainika na kukudanganya.

Mchicha uchovye kwanza kwenye maji yanayochemka dakika mbili, kisha kwenye maji baridi, ukamue. Ukikauka sawasawa unavunjika ukiufikicha.

Acha vipoe nusu saa, pwani usizidishe hapo, kisha jaza chupa theluthi mbili na uzitikise kila siku kwa wiki moja. Ukiona ukungu wa maji kwenye kioo, rudisha vyote kwenye mashine.

Ikigoma

Feni inazunguka lakini hewa ni baridi: mara nyingi ni fyuzi ya joto, kidude kidogo karibu na koili kinachokata umeme wa koili feni ikikwama au matundu yakizibwa. Fundi wa friji anaibadilisha kwa dakika chache. Mwambie aweke yenye nyuzi na ampea zilezile zilizoandikwa kwenye ya zamani. Akitaka kuunganisha kwa waya tu ili iwake, chukua mashine yako uondoke; fyuzi hiyo ndiyo pekee inayozuia plastiki kushika moto mkiwa mmelala.